Mgeni njoo, mwenyeji apone: Zamu ya Wakatoliki kwa wazee wao

MTU akiugua katika mitaa yetu ya pwani, habari huenea kabla daktari hajamaliza kuandika dawa. Siku ya kwanza viatu hujaa mlangoni hata mwenye nyumba akakosa pa kukanyaga. Huyu amekuja na chupa ya uji, yule na machungwa, na mwingine hana kitu ila dua yake, naye hupishwa akaketi ukingoni mwa kitanda kama wenzake. Siku ya pili huwa vivyo hivyo, na ya tatu pia. Kumtizama mgonjwa ni ada tuliyoikuta kwa wazee wetu, na hapo hatuna wa kutufunza.

Lakini hebu tuulizane kwa haki, msomaji. Je, mwezi wa tatu? Je, mwaka wa tatu?

Nilikuwa na nyanya mmoja, shangazi yake baba, ambaye magoti yalimwisha nguvu akawa hashuki tena kutoka ghorofani. Hakuwa na maradhi ya kutisha. Alikula, alisali juu ya kiti, na masikio yake yalisikia adhana ya misikiti mitatu. Kwa kuwa hakuwa akifa, watu walipungua mmoja mmoja. Siku moja nilipanda ngazi nikamkuta amekaa dirishani, leso yake kichwani.

"Leo ni Ijumaa, mwanangu?" akaniuliza.

"La, nyanya, leo ni Jumatatu."

"Ah! Nami nikadhani ni Ijumaa. Kwani wewe huja Ijumaa."

Nikahesabu moyoni. Ijumaa ya mwisho niliyofika kwake ilikuwa imepita miezi miwili.

Neno lile halikunitoka. Ndilo lililonifanya niangalie kwa makini jambo ambalo jirani zetu Wakatoliki wamelifanya kwa muda mrefu, nalo ni kuwazuru wazee wasioweza kutoka nyumbani, na wale walio katika nyumba za kutunzia wazee. Sisemi kwamba wao wana huruma kutushinda. Walichotushinda ni kitu kingine, kidogo sana ukikitazama kwa mbali: wao wana zamu.

MKATE NA KUNI

Mambo haya yana historia, na sehemu yake kubwa yaanzia Ufaransa. Mwaka 1832 kipindupindu kiliingia Paris kikaua maelfu ya watu, na mitaa ya mafukara ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka uliofuata, vijana wachache wa chuo kikuu walikuwa wakikutana kujadiliana mambo ya dini na dunia. Wapinzani wao waliwachoma kwa swali moja: Kanisa lenu lilifanya mema zamani, lakini nyinyi leo mwafanya nini?

Mmoja wa vijana hao, Frédéric Ozanam, hakuwa na jibu. Tarehe 23 Aprili, 1833, siku aliyotimiza miaka 20, yeye na wenzake walianza chama ambacho baadaye kiliitwa Chama cha Mtakatifu Vincent wa Paulo. Mtawa mmoja aitwaye Rosalie Rendu, aliyekuwa akiwajua mafukara wa mtaa wa Mouffetard nyumba kwa nyumba, aliwapa majina ya jamaa za kwenda kuzitizama. Wakaenda na mkate, na kuni za kuotea moto wakati wa baridi.

Angalia walivyoanza. Hawakuanza kwa hotuba wala kwa mchango wa fedha uliopelekwa na tarishi. Walianza kwa orodha ya milango, na kila mlango ulikuwa na mtu wake wa kuubisha. Sharti lilikuwa kwamba msaada upelekwe kwa mkono wa mtu mwenyewe, naye aingie ndani, aketi, azungumze. Chama hicho sasa kimeenea katika nchi nyingi za ulimwengu, na kuzuru majumbani kungali ndio uti wa mgongo wa kazi yake.

MKONO MTUPU

Sisi twasema mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo jambo la pili litamshangaza msomaji wa pwani, kwani wako Wakatoliki waendao kuzuru na mikono mitupu, tena kwa amri.

Katika mji wa Dublin, Ireland, alikuwako karani wa serikali aitwaye Frank Duff, ambaye alikuwa mwanachama wa chama hicho cha Mtakatifu Vincent. Jioni ya tarehe 7 Septemba, 1921, yeye, padre mmoja na wanawake wachache, wengi wao wasichana wafanyakazi, walikutana katika nyumba iliyoko mtaa wa Francis. Kazi ya kwanza waliyojipangia ilikuwa kwenda wawili wawili kuwatizama wanawake wagonjwa katika hospitali ya mafukara ya mji huo. Hicho ndicho chanzo cha Lejio ya Maria. Msomaji asiichanganye na kanisa la Legio Maria lililozaliwa Nyanza katika miaka ya 1960, kwani hilo ni kanisa linalojitegemea, na hii ni jamii iliyomo ndani ya Kanisa Katoliki.

Lejio ina kanuni kali. Mwanachama hupewa kazi kila wiki, naye huifanya pamoja na mwenzake, si peke yake. Wiki inayofuata husimama mbele ya mkutano akaeleza: tulikwenda kwa fulani, tulikaa kiasi fulani, hali yake ni hii. Akiwa hakwenda, husema hakwenda. Siri za nyumba alizoziingia hazitoki nje ya mkutano. Na sharti lile la ajabu ni kwamba mwanalejio hampi anayemzuru fedha, wala nguo, wala chakula. Mwenye shida ya chakula huelekezwa kwa chama kinachotoa chakula.

Hoja yao ni hii: mgeni akizoeleka kuja na kifurushi, macho ya mwenyeji hutazama kifurushi. Siku kifurushi kikikosekana, mgeni huona haya kuja, na mwenyeji huona amepuuzwa. Lakini mgeni aliyezoeleka kuja na nafsi yake hana la kumzuia. Huenda msomaji asikubaliane na hoja hiyo, nami siikubali yote, maana machungwa kwa mgonjwa yana utamu wake. Walakini nimepata kuahirisha kwenda kumtizama mzee kwa kuwa sina kitu mkononi, na naamini si mimi peke yangu. Wazee wangapi wamekaa bila ya mgeni kwa sababu ya machungwa ambayo hatukuwa na pesa za kuyanunua?

BINTI ALIYESHUKA MOMBASA

Kanuni hiyo ya Dublin haikubaki Dublin. Mwezi Novemba mwaka 1936 alishuka melini Mombasa binti mmoja wa Kiirish, Edel Quinn, aliyekuwa na miaka 29. Alikuwa ametumwa kuanzisha Lejio katika Afrika ya Mashariki. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na miaka michache kabla alikuwa amelala miezi 18 katika hospitali ya maradhi hayo. Yaani aliyekuja kuwafunza watu kuwazuru wagonjwa alikuwa akiujua upande wa pili wa kitanda.

Kwa muda wa miaka saba na zaidi alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, akafika hata Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na kisiwa cha Mauritius. Mapafu yake yaliendelea kuoza, naye akafariki Nairobi tarehe 12 Mei, 1944, akiwa na miaka 36. Kaburi lake liko huko Nairobi.

Baadaye Kanisa Katoliki katika eneo letu lilipata mpango wake mwingine. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi wakakata shauri kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo zitakazokuwa msingi wa kazi yao. Jumuiya ni nyumba za majirani, wanaokutana kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Humo ndimo hujulikana nani hakuonekana, nani mguu umemvimba, nani mtoto wake amekwenda Nairobi asirudi. Mtu wa pwani akiisikia habari hii atacheka, maana hiyo ni baraza! Naam, ni baraza. Lakini ni baraza yenye daftari.

KISANDUKU KIDOGO

Liko jambo jingine ambalo msomaji asiye Mkristo pengine ameliona asilielewe. Jumapili baada ya misa, mama au mzee wa kawaida, si padre, hutoka kanisani na kisanduku kidogo cha mviringo, akaelekea moja kwa moja nyumbani kwa mgonjwa. Hapigi soga njiani wala hapitii dukani. Ndani ya kisanduku mna kipande chembamba cha mkate uliowekwa wakfu, uitwao Ekaristi, ambao Wakatoliki huamini kuwa ni mwili wa Masihi. Hiyo ni imani yao, nasi tuna yetu. Nataka tutazame maana ya safari yenyewe.

Desturi ya kuwapelekea wasiofika ni ya kale mno. Mwandishi mmoja wa Kikristo wa karne ya pili, Justino, alieleza kwamba ibada ikiisha, mashemasi huwapelekea sehemu yao wale ambao hawakuhudhuria. Lakini kwa muda wa karne nyingi zilizofuata kazi hiyo ilishikwa na mapadre. Padre akiwa mmoja na vijiji ni ishirini, mzee huweza kungoja miezi. Basi tarehe 29 Januari, 1973, wakati wa Papa Paulo wa Sita, ilitolewa ruhusa kwamba waumini wa kawaida waliochaguliwa na kufunzwa waweze kuipeleka.

Ruhusa hiyo iliondoa pia hofu moja. Hapo zamani padre kuonekana akiingia chumbani kwa mgonjwa ilikuwa kama taarifa ya msiba, kwani mara nyingi aliitwa kutoa mpako wa mwisho. Wagonjwa wengine walitetemeka kumwona. Mpako huo wenyewe umebadilishwa jina na utaratibu tangu mwaka 1972. Sasa ni Mpako wa Wagonjwa, si wa wanaokata roho tu, na angali mwenye idhini ya kuutoa ni padre. Lakini jirani mwenye kisanduku hamtishi mtu. Yeye huja wiki hii na huja wiki ijayo, na kuja kwake kwamwambia mzee: ibada imekwisha, nawe ulihesabiwa miongoni mwa waliohudhuria.

ALIYESAHAULIWA NYUMBANI MWAKE

Kwetu sisi, kumpeleka mzazi katika nyumba ya wazee ni aibu, na inafaa iendelee kuwa aibu kwa mwenye uwezo wa kumtunza. Lakini wako wasio na mtoto wala ndugu, na habari za nyumba hizi zina mafunzo yake.

Majira ya baridi ya mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan, pwani ya Ufaransa, mtumishi wa majumbani aitwaye Jeanne Jugan, mwenye miaka 47, alimchukua ajuza mmoja kipofu asiye na wa kumwangalia. Akampeleka nyumbani kwake, akampa kitanda chake mwenyewe, naye akapanda kulala darini. Baada ya huyo akaja wa pili, kisha wengine. Ili kuwalisha, Jeanne alishika kikapu akapita mlango kwa mlango akiomba. Hivyo ndivyo walivyoanza Masista Wadogo wa Maskini, ambao wana nyumba katika nchi nyingi, na Nairobi pia wana nyumba iitwayo Nyumba ya Wazee. Watawa wa kawaida hula viapo vitatu. Hawa wameongeza cha nne, kiapo cha ukarimu.

Sasa sikiliza kilichompata mwanzilishi. Padre mmoja aliunyakua uongozi, akajitangaza kuwa yeye ndiye aliyeanza kazi. Mwaka 1852 Jeanne aliitwa makao makuu akazuiwa kutoka kwenda kuomba. Akaishi humo miaka 27, hadi alipofariki mwaka 1879, na masista wengi vijana waliokuwa wakimpita kila siku hawakujua kwamba kikongwe yule ndiye aliyewajengea nyumba wanayokaa. Ukweli ulidhihirika baadaye, na mwaka 2009 Kanisa lake lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Kumbe basi mtu aweza kuwa na paa, chakula na watu mia kumzunguka, na bado asiwe na anayemjua. Ndiyo maana nyumba za wazee zilizo nzuri hazitosheki na wauguzi wao, bali hufungua mlango kwa watu wa parokia waingie. Muuguzi ana vidonge vya kugawa na mashuka ya kubadilisha. Mgeni wa zamu hana kazi nyingine ila kukaa. Atasikia kisa kile kile mara ya kumi, na mara ya kumi na moja ataulizwa yeye ni mtoto wa nani. Hata wale waliopatwa na maradhi ya kusahau, ambao hawawatambui watoto wao, mara nyingi sala waliyofunzwa utotoni hutoka mdomoni mwao nzima ikianzishwa. Na sisi tumewaona wazee wetu, jina la mwana limepotea, lakini Alhamdu haikupotea.

MILANGO ILIPOFUNGWA

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, nyumba za wazee katika nchi nyingi zilipiga marufuku wageni. Kusudi lilikuwa kuwahifadhi, na hapana ubishi kwamba wazee ndio waliokuwa wakifa kwa wingi. Lakini watoto wakawa wanasimama nje wakipunga mkono dirishani, na wanazamu wa parokia wakabaki na simu tu. Hapo ndipo wengi waliokuwa wakidhani kuzuru ni pambo walipotambua kuwa ni chakula. Wazee waliohifadhiwa na maradhi walionekana wakinyauka kwa upweke.

Mwaka uliofuata Papa Fransisko aliweka siku maalumu ya mababu, mabibi na wazee, nayo ni Jumapili ya nne ya mwezi Julai. Ni jambo jema, ijapokuwa mzee wa ghorofani ana haja ya Jumatatu zote 52 kuliko Jumapili moja.

Haifai pia kuwapamba wenzetu kwa sifa wasizokuwa nazo. Huko Ulaya makanisa mengi yamepungukiwa na watu, na aghalabu mwenye kuzuru ni mzee wa miaka 70 anayekwenda kwa mwenziwe wa miaka 90. Wako pia waendao kwa kutimiza hesabu, wakitazama saa. Na kuhusu Lejio, shabaha yake ni kuwavuta watu katika imani yake; hilo hawalifichi, na msomaji Mwislamu ana haki ya kulijua. Hatuwaigi itikadi. Twatazama mpango.

TUNA NENO, HATUNA DAFTARI

Kwa upande wa neno, sisi si maskini. Kumzuru mgonjwa ni katika haki za Mwislamu juu ya Mwislamu mwenzake. Katika Sahihi ya Muslim imo hadithi kudsi isemayo kwamba Siku ya Kiyama mja ataulizwa na Mola wake kwa nini hakumzuru alipougua. Na mja atakapostaajabu, ataelezwa kwamba lau angalimzuru mja fulani aliyekuwa mgonjwa, angalimkuta Mola kwake. Katika Injili ya Mathayo, mlango wa 25, Wakristo nao husoma maneno yanayokaribiana sana na hayo. Tena katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokwenda kumtizama mtoto wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia. Kwa hiyo kuzuru hakukuanzia Paris wala Dublin.

Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zao na serikali. Lakini katiba haipandi ngazi.

Hapo kale mtaa wenyewe ulikuwa daftari. Watoto walikuwa hapo hapo, wajukuu wakilala mkekani chumba kimoja na nyanya yao. Leo mmoja yuko Nairobi, wa pili Dubai, wa tatu London, na kila mwezi huleta pesa kwa simu bila ya kukosa. Pesa hizo hununua dawa na kumlipa msichana wa kazi. Lakini hazijui kuuliza, "Umeamkaje, nyanya?"

Wala haitugharimu kitu kikubwa. Kila msikiti una watu wanaojua nani haonekani tena safu ya mbele. Akina mama wana vyama vyao vya arusi na vya matanga, ambavyo mipango yake hushinda ya serikali. Itoshe karatasi moja yenye majina ya wazee wa mtaa wasiotoka. Kila jina liwe na watu wawili, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, na siku yake. Kisha awepo mmoja wa kuuliza wiki ikiisha: mlikwenda? Swali hilo dogo ndilo lililoifanya kazi ya wale vijana wa Paris isife nao. Huruma peke yake huchoka, hata ile iliyo ya kweli. Mimi nilimpenda nyanya yangu, na miezi miwili ikapita.

Baada ya Jumatatu ile nilijiwekea Ijumaa, baada ya sala. Siku nyingine nilikwenda na machungwa, na nyingine mikono mitupu. Mara ya nne au ya tano nilipofika chini ya ngazi, kabla sijapiga hodi, nikasikia sauti yake juu akimwambia msichana wa kazi, "Teremsha vikombe viwili. Leo ni Ijumaa."